Kambi Isiyokohoa

Kwa miaka miwili mfululizo, karatasi za ofisi ya afya zilionyesha kwamba katika Kambi ya Duara hakuna mtu anayekohoa. Familia zaidi ya mia moja za polisi zimebanana kwenye vyumba vya mabati vya mviringo, upande wa Bukoto, mahali ambapo ukipiga chafya jirani wa tatu anakuitikia pole, na karatasi zikasema hakuna hata mmoja mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Aliyeandika hivyo ni mmoja wa watu wakweli kuliko wote ninaowafahamu. Jina lake ni Aol.

Aol ana miaka hamsini na miwili. Kambini wanamwita Mama Ochan, kwa jina la mwanawe wa kwanza niliyesoma naye chuo kikuu, au wanamwita musawo, yaani mganga, ingawa masomo yake ya uganga yalikuwa ya siku tano tu, chini ya turubai, pamoja na soda na biskuti. Alitoka Kitgum, kaskazini mwa nchi, akiwa msichana aliyeolewa karibuni, akimfuata mumewe Okwera ambaye wakati huo alikuwa konstebo na leo ni sajini. Miaka kumi iliyopita kituo cha afya kilitafuta watu wa kujitolea katika kila zoni. Aol aliinua mkono kwa sababu, anavyosema mwenyewe, alikuwa amekaa mbele na hakuona kama wa nyuma nao wameinua. Walimpa fulana, mkoba na daftari.

Nimekaa naye barazani mara nyingi nikimwona akifanya kazi ile. Mama mmoja analeta mtoto, Aol hamshiki paji la uso. Kwanza anamtazama anavyobeba shingo yake. Kisha anasema, "Huyu si mafua. Nenda leo, usingoje kesho." Ninavyojua mimi, hakukosea zaidi ya mara mbili. Aliwahi kumzalisha mwanamke nyuma ya gari la doria, dereva akiwa amewasha king'ora kwa woga, si kwa haraka, maana gari lilikuwa limesimama.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa daftari. Kila baada ya miezi mitatu alipita mlango kwa mlango akiuliza: Mnalala wangapi humu? Nani anakohoa kupita wiki mbili? Nani mjamzito? Mtoto yupi hajachanjwa? Majibu yalijumlishwa kituoni, yakaunganishwa na ya zoni nyingine tano, kisha ofisi ya afya ikazipanga zoni kwa uhitaji. Chochote kitakachokuja, dawa, muuguzi wa ziada au gari la vipimo, huanzia juu ya orodha. Mara nyingi huisha kabla ya kufika katikati. Hivyo ndivyo serikali inavyomjua mgonjwa wake. Haina masikio mengine mtaani isipokuwa wanawake wa aina ya Aol, na haiwalipi.

Sasa, kambi ina sheria yake na ina desturi yake. Sheria inasema chumba ni cha mwenye sare. Polisi akifa, familia ina miezi sita ya kuondoka. Desturi inasema mjane hatajwi. Wengi wao hawana pa kurudi, kwa sababu shamba la marehemu kijijini limekwisha kugawanywa na mashemeji. Basi siku ya ukaguzi, kambi nzima huamka ikiwa inajua la kufanya. Godoro la mjane linapelekwa kwa jirani wa kulia, sufuria kwa wa kushoto, na watoto wanagawanywa. Huyu anakuwa mpwa wa koplo, yule anakuwa mgeni aliyekuja kusoma. Katika kitabu cha kambi chumba chake kimeandikwa "stoo". Kulikuwa na stoo kumi na saba, na nje ya kila stoo ungeona kaptula za shule zikikauka kwenye kamba.

Mmoja wa wajane hao ni Anena. Mumewe, Konstebo Ojok, alikufa miaka minne iliyopita gari lao lilipopinduka wakirudi kazini. Alimwachia watoto watatu na kinu cha mbao. Anena hutwanga odii, lile rojo zito la karanga na ufuta ambalo watu wa kaskazini hawawezi kula mboga bila hilo, na kuiuza karibu na geti. Yeye na Aol walikuwa marafiki wa kutaniana, wa kuingia jikoni kwa mwenzake bila kubisha.

Siku ya kwanza baada ya matanga Aol alipofika mlangoni kwake na daftari, Anena aliishika kalamu kabla haijagusa karatasi.

"Mama Ochan, hii kitabu inaenda wapi?"

"Kwa watu wa afya."

"Na watu wa afya ni wa nani?"

"Ni wa serikali."

"Na nyumba hii ni ya nani?"

Aol alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akafunga daftari, akaomba odii ya kuonja, na chumba kile hakikuandikwa.

Uongo ukifunguliwa mlango mmoja huomba kupita na kwingine. Ikiwa Anena hayupo, basi watoto wake hawapo. Ikiwa watoto wamelala kwa koplo, koplo hawezi kusema wako saba ndani, maana kitabu cha kambi kinasema wanne. Na mtu asiyekuwepo atakohoaje? Nyumba zenye haki ya kuwepo nazo zikaanza kusema hapana kwa kila swali, kwa hofu kwamba wauguzi wakija kumwona mmoja wataona wote. Aol akaandika sifuri. Akaandika sifuri tena. Alijua ni uongo, na alijua anamlinda nani.

Lakini hakuwaacha wagonjwa hivi hivi. Aliwapa akili.

"Nenda kituoni," aliwaambia. "Wakikuuliza unakaa wapi, usiseme kambini. Sema Wandegeya, karibu na soko. Huko kuna wanafunzi, kuna wapangaji, kuna wapika chapati, leo mtu yuko kesho hayuko. Hakuna anayeshangaa. Na namba ya simu, geuza tarakimu ya mwisho."

Aliionea fahari mbinu hiyo. Mwaka huu peke yake aliwatuma watu kumi na wanne kwa njia hiyo.

Anena alikuwa mmoja wao. Kikohozi chake kilianza mvua za Machi zilipoanza. Mwezi wa Aprili mchi ulimshinda, akawa anatwanga ameketi. Akaenda kituoni, akatoa makohozi kwenye kikopo, akasema Wandegeya, akageuza tarakimu. Wakamwambia, "Tutakupigia simu majibu yakitoka."

Wiki saba zikapita.

"Umeona?" Anena alimwambia Aol. Alikuwa amejifunga leso mbili kiunoni ili sketi isianguke. "Wangekuwa wameona kitu wangepiga. Ni hii vumbi ya karanga."

"Rudi ukaulize."

"Niulize kwa jina gani? Nimesahau hata nilisema mimi ni mke wa nani." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Aol akatazama pembeni mpaka kipite. Binti mdogo, Adoch, mwenye miaka minne, alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

Mkutano wa kupanga zoni ulifanyika Juni, Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwapo, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kwa muda kuingiza takwimu, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kushika kompyuta. Afisa wa afya, Bi Nabilah, ni mwanamke mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Juu ya meza alikuwa amepanga vikombe sita vya plastiki, kila kimoja na jina la zoni. Kila mwakilishi alipewa maharagwe matano. Baada ya kusikiliza takwimu utayagawa kwenye vikombe unavyoona haki, na zoni itakayoshinda itapata gari la eksirei na kupima kifua kikuu kwa wiki nne, bure, na dawa papo hapo.

"Mama, usiyatafune," Cleopas Nyongesa alimnong'oneza Aol. Ni Mkenya mwenye duka la rejareja, anawakilisha Wandegeya. "Ni mabichi. Yakikuharibu tumbo watakupeleka kituoni ambako hakuna dawa ya tumbo."

"Yako utaweka wapi?"

"Kwangu, wapi kwingine? Mimi si malaika."

Safu ya mbele alikaa mkuu mpya wa kambi, Afande Jasper, kofia juu ya goti. Alikuwa na miezi mitatu tu pale.

Bi Nabilah akaanza kusoma. Zoni ya mwisho kwa uhitaji, ya sita kati ya sita, ilikuwa Kambi ya Duara: kikohozi sifuri, kifua kikuu sifuri, watu watatu na nusu kwa nyumba. Afande Jasper aliitikia kwa kichwa kama aliyesifiwa. Zoni ya kwanza ilikuwa Wandegeya.

"Nitawaeleza kwa nini," Bi Nabilah alisema. "Robo hii peke yake tumepata huko wagonjwa kumi na mmoja wenye majibu mabaya, na wote kumi na mmoja tumewatafuta tukawakosa. Tumezunguka nyuma ya soko nyumba kwa nyumba. Simu zao hazipatikani. Na ajabu, karibu wote ni wanawake, na majina yao ni ya kaskazini."

Cleopas aliinuka. "Madam, naomba nijiharibie mwenyewe. Mimi niko hapo miaka kumi na minne. Wanawake kumi na mmoja wakae kwangu bila kununua chumvi kwangu? Mimi mtu wa chumvi namjua hata kikohozi chake. Hao watu hawako."

Watu wakacheka. Aol hakucheka. Nilimwona akifungua kiganja na kuyatazama maharagwe yake, kisha akakifunga. Alikuwa ametuma watu kumi na wanne. Aliwajua kwa sura, wote. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wagonjwa kweli, majibu yalikuwa yamekaa kwenye faili wiki kwa wiki, na kila mmoja alikuwa nyumbani akijiambia kwamba simu isiyolia ni habari njema.

Akasimama. "Madam, msiwatafute Wandegeya. Ni wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha waseme hivyo."

Afande Jasper aligeuka polepole.

"Musawo, unasema kambini kwangu kuna watu ambao hawako kwenye kitabu changu?"

"Afande, nasema kuna watu wanatema damu."

"Nimeuliza kitu kingine."

"Nimesikia, afande. Mimi najibu ile inaua."

"Sikiliza, mama yangu." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nina makonstebo thelathini wanalala kwenye veranda ya ofisi. Mmoja mke wake amejifungua juzi, mtoto analala juu ya meza ya mashtaka. Wananiuliza kila siku, afande, nyumba? Ninawaambia zimejaa. Kumbe zimejaa watu gani? Hao nao uliwaandika kwenye daftari lako?"

Aol aliyarudisha maharagwe yake mezani.

Bi Nabilah alivua miwani. "Unajua ulichofanya? Mwezi wa Mei nilipeleka wauguzi wawili Wandegeya kwa sababu ya namba zako. Wamemaliza viatu wakitafuta watu wako."

"Najua, madam."

"Ningekuuliza nini ili uniambie ukweli?"

"Ungeanza na unaumwa nini. Karatasi yako inaanza na unakaa wapi, na mume wako ni nani. Hapo mtu wangu amekwisha kukimbia."

Niliisoma karatasi ile tena usiku ule, na ni kweli. Anwani, mkuu wa familia, namba ya nyumba, kitambulisho, ndipo maradhi, mstari wa tisa. Miezi mitatu nilikuwa nimeingiza maelfu ya karatasi hizo na sikuona. Tumejifunza chuoni kupima ubora wa takwimu kwa njia nne, na katika njia zote nne hakuna inayouliza kama anayejibu anaogopa. Nchi inayomwambia mtu jina lako litakufukuza nyumbani haina haki ya kushangaa akificha kifua chake. Na sifuri ile niliyoiingiza kwa mikono yangu, nikaona kambi ya askari ina nidhamu, safi, haiugui!

Pale ukumbini Bi Nabilah aliamua. Gari lisingeingia kambini, maana huko ni lazima mgeni aandikwe getini. Lingesimama barabarani, nje ya geti, siku tano. Mtu atataja jina moja tu, lolote. Maharagwe hayakuhesabiwa. Afande Jasper naye aliamua lake: Jumatatu itakayofuata kutakuwa na ukaguzi wa vyumba vyote kwa wakati mmoja.

Aol aliisoma orodha ya wale kumi na mmoja, akaitambua simu ya Anena kwa tarakimu iliyogeuzwa, akamwendea moja kwa moja kutoka mkutanoni. Alimkuta akichagua mawe kwenye ufuta.

"Majibu yako yako pale," alimwambia. "Ni kifua kikuu. Kinapona. Dawa ni miezi sita."

Anena aliendelea kuchagua. "Mbona hawakupiga?"

"Walipiga. Namba uliyowapa si yako. Ni mimi nilikuambia."

"Ulijuaje majibu?"

Aol akamweleza, mpaka mwisho.

"Mbele ya afande?"

"Sikutaja jina la mtu."

"Mama Ochan. Stoo ziko kumi na saba. Jina la kazi gani?" Akasukuma ungo pembeni. "Miaka minne watu wamebeba godoro yangu. Hata mke wa yule mlevi wa chumba cha nane hakusema. Wewe ndiye umesema."

"Ungekufa."

"Ningekufa nyumbani."

Jioni Sajini Okwera alikuwa amekwisha kuyasikia. Aliwahi kuniambia maneno aliyomwambia mkewe, bila haya: "Miaka ishirini na minane nimevaa nguo hii, sijaitwa mbele ya mkubwa kwa sababu ya mdomo. Wangu wala wako." Walilala bila kusemezana.

Asubuhi ya Alhamisi gari lilisimama barabarani, jeupe, mlango wazi. Muuguzi alipanga viti ishirini. Hakuja mtu. Wanawake walisimama ndani ya geti wakitazama, wamekunja mikono, na walinzi wawili walisimama kati yao na viti. Saa tatu, saa nne. Aol akatoka peke yake, akaketi kiti cha kwanza. Sauti kutoka ndani ikamrushia: "Jipime ulimi, musawo!"

Akakaa. Hakuwa na kikohozi. Karibu na saa tano Okwera alitoka zamu. Alikuwa na sare kamili. Aliwatazama walinzi, vijana wa cheo cha chini kwake, akawapita, akavua kofia na kuketi kiti cha pili, nyuma ya mkewe.

"Sajini, na wewe unakohoa?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka getini.

"Nakohoa tangu nioe huyu."

Kicheko kikawatoka hata walinzi. Mwanamke yule akatoka. Akafuata wa pili, amebeba mtoto. Kufikia saa saba viti havikutosha, watu wakakaa juu ya matofali. Anena alikuja siku ya tatu, akiwa na watoto wake wote, akapita mbele ya Aol bila kumtazama.

Kwa siku tano walipimwa watu mia tatu na zaidi. Waliopatikana na kifua kikuu, pamoja na wale kumi na mmoja, walikuwa kumi na tisa. Adoch alikuwa mmojawapo. Saba kati ya kumi na tisa walikuwa na haki zote za kuwepo, wake na watoto wa askari walio kazini, waliokuwa wamesema hapana mlangoni kwa sababu ya jirani. Mmoja alikuwa konstebo wa veranda. Katika orodha mpya Kambi ya Duara ilipanda kutoka ya sita hadi ya kwanza.

Na Jumatatu walikaguliwa. Hakuna aliyebeba godoro la mwenzake, maana waligongewa milango yote kwa pamoja. Familia kumi na saba zilipewa siku kumi na nne za kuhama. Bi Nabilah aliandika barua akiomba wagonjwa waachwe mpaka wamalize dawa. Akajibiwa kwamba ombi limesikika, wakaongezewa siku kumi na sita. Nilimsaidia kuandika barua ya pili, yenye maneno makali, na ya tatu. Hazijajibiwa. Sitaacha kuandika.

Anena amepanga chumba Kamwokya, kidogo kuliko kile cha mabati, na maji ya mvua huingia kwa mlango. Dawa za kifua kikuu hutaka mtu wa kusimama karibu na mgonjwa kila siku, aone amemeza. Kituoni walimwuliza amtaje mtu huyo. Aliikaza leso yake kiunoni, muuguzi aliniambia, kisha akasema, "Aol. Hakuna mwingine wa kuja."

Basi kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Aol hutembea kutoka kambini mpaka Kamwokya. Kambini wengine wamerudi kumfungulia mlango, wengine bado. Akifika hubisha hodi, siku hizi hubisha. Anena hutoa kikombe cha maji. Aol humkorogea Adoch dawa yake na kumnywesha, kisha huhesabu vidonge vinne kwenye kiganja cha mama. Anena humeza, hufungua mdomo, huinua ulimi. Aol hutazama na kutia alama kwenye kadi. Hakuna neno linalosemwa. Wiki tano zimekwenda hivyo.

Ijumaa iliyopita nilimsindikiza. Anena alimeza, akafungua mdomo, akaufunga. Amenenepa kidogo usoni. Aol alitia alama, akafunga mkoba, akafika mlangoni.

"Kesho uje mapema," Anena alisema, akiwa ametugeuzia mgongo. "Nina karanga za kutwanga."

"Nitakuja saa kumi na mbili."

"Na ukuje na simsim kutoka kwa yule mama wa geti. Ya huku ina mchanga."

"Kilo ngapi?"

Lakini Anena alikuwa ameanza tena kukohoa, na Aol alisimama palepale mlangoni, mkono kwenye kitasa, akingoja jibu.